Gia ya Kwanza na Chai ya Pili

Mama Mdogo wangu anaendesha gari kwa mdomo. Mikono iko kwenye usukani na miguu iko kwenye pedali kama ya madereva wote, lakini kazi yenyewe anaifanya kwa maneno. "Haya mama, ingia ya pili. Taratibu. Usinitie aibu mbele ya watu." Mlimani anabembeleza, mteremkoni anakaripia. Akikutana na lori kwenye kona nyembamba ananyamaza kabisa, na hapo ndipo mimi huanza kushikilia mlango.

Gari lenyewe tunaliita Kisirani. Ni gari dogo la mizigo, la zamani, lililofunikwa bati nyuma. Marehemu mume wake alimwachia gari hilo pamoja na bekari yenye tanuri moja na dirisha la kuuzia. Wakati huo Mama Mdogo hakujua kuendesha hata baiskeli. Alijifunza baada ya msiba, akiwa mtu mzima, kwenye uwanja wa mpira wa shule, huku Mjomba, kaka yake mkubwa, akikimbia pembeni na kupiga kelele "Klachi, klachi" kama mtu anayefukuza kuku. Siku ya kwanza aligonga goli. Nguzo imepinda mpaka leo, na makipa wote wanaodaka upande ule wanamwombea heri.

Mimi ni mtoto wa dada yake, na nimekulia mikononi mwake. Napima unga, napanga trei, nauza dirishani, na kila alfajiri naamka na hasira ile ile niliyoanza nayo kazi. Mama Mdogo yeye huamka anaimba. Ukitaka kumjua mtu huyu, mfikirie mwanamke mnene mwenye unga kwenye nyusi, anayekanda donge kubwa kuliko mtoto mchanga na kulisimulia habari za mtaa, halafu anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho wa habari. Miaka yote baada ya kufiwa alikuwa hivyo mbele za watu. Nyuma ya mlango alikuwa mtu anayekula chakula chake amesimama, kwa sababu, aliniambia mara moja, meza ya mtu mmoja ni kubwa mno.

Kila Alhamisi anapeleka mikate juu mlimani, kwenye uwanda wa majani mafupi ambako msimu wa baridi umande huganda na kuwa mweupe kama sukari iliyomwagika. Anaanza na shule, kisha zahanati, kisha kiwanda cha mbao, na mwisho kabisa kituo cha hali ya hewa. Mimi siku hiyo hubaki dukani. Basi mwaka huo, baridi ilipoanza kuuma, Mama Mdogo akaanza kuchelewa kurudi. Kwanza alichelewa kidogo, halafu kidogo kikanenepa, mpaka siku moja akaingia jua linaelekea kuzama, mashavu mekundu kwa upepo.

"Gia ya kwanza imegoma tena," akasema, na akaenda kunawa mikono huku akiimba.

Mtu ambaye gari lake limegoma haimbi. Nililiona hilo, nikalipuuza, kwa sababu nilikuwa na hasira ya kuuza peke yangu siku nzima.

Mjomba alikuwa na maelezo, kama kawaida yake. Mjomba ndiye anayechochea tanuri, na mtu akikaa karibu na moto muda mrefu huanza kudhani anajua kila kinachowaka. Mwanzoni mwa mwaka giaboksi ya Kisirani ilikuwa inalia, mlio mwembamba kama wa mbu, na Mjomba akaitia oili ya gia iliyo nzito kuliko zote alizozikuta dukani. Mlio ukakoma. Alijisifu wiki nzima.

"Uzito ndio ulinzi," alisema sasa. "Gia ikigoma, iongezeni nguvu ya mkono."

Jumatatu tukampeleka Kisirani kwa fundi. Tunamwita Fundi Kesho, na nadhani sina haja ya kueleza kwa nini. Ni mtu mwenye mikono mizuri na maneno machache, na ukimpata siku ambayo ni leo, hakuna wa kumshinda. Aliingia chini ya gari, akagonga hapa na pale, kisha akaanza kuuliza maswali akiwa huko huko chini, miguu yake tu ikionekana.

"Nyumbani asubuhi inagoma?"

"Haigomi," akasema Mama Mdogo. "Usiku analala ameegemea ukuta wa tanuri. Anapata joto."

"Shuleni je?"

"Haigomi."

"Zahanati? Kiwanda cha mbao?"

"Hapana. Inagoma pale juu tu, kituo cha hali ya hewa."

Miguu ya fundi ikatulia. "Mama Mikate, giaboksi ni chuma. Imepanda mlima wote ule, imepata moto. Haiwezi kupoa ukisimama kidogo tu. Ili oili igande namna hiyo, lazima gari likae limezimwa saa nzima, labda na zaidi. Pale kituoni unashusha mikate mingapi?"

Mama Mdogo akatazama dari. Mimi ndiye ninayepakia, kwa hiyo nikajibu mimi.

"Mmoja."

Fundi Kesho akajivuta taratibu kutoka chini ya gari, akaketi sakafuni, akamtazama Mama Mdogo usoni. Mimi nikamtazama. Hata mteja mwingine aliyekuwa anangoja tairi lake akaacha kutafuna mua. Mama Mdogo, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimfahamu, akaanza kupangusa kioo cha gari kwa ncha ya kanga yake, kioo ambacho kilikuwa safi.

"Kuna chai pale," akasema hatimaye.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Fundi alijitahidi kujikaza, akashindwa. Giaboksi ilikuwa imetoboa siri yake mchana kweupe.

Fundi alipopata pumzi akatueleza ugonjwa. Oili ya Mjomba ilikuwa nzito moja kwa moja, ya namba moja tu, tisini. Ikiwa na joto ni sawa, lakini ikipata baridi ya juu inakuwa gundi, na pete za shaba zinazosaidia gia kuingia haziwezi kushika. Ukilazimisha kwa mkono unazikwangua. "Umeshazikwangua vya kutosha. Lazimisha mara mbili tatu tena, zitakwisha, na utakaa huko huko juu." Dawa yake ni oili yenye namba mbili: ile ya kwanza, yenye herufi W, inasema inavyotiririka kwenye baridi, na hiyo iwe ndogo; ya pili inasema inavyojikaza ikipata moto, na hiyo ibaki tisini. Tena iwe daraja la nne. Daraja la tano limetiwa dawa kali zaidi, linaweza kuila shaba ya gari la zamani kama hili.

"Nitakubadilishia kesho," akamalizia.

Tukamshukuru, tukaondoka, tukijua tumebaki wenyewe.

Njiani Mama Mdogo akasimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akashika usukani kwa mikono miwili. Mtu wa kituo cha hali ya hewa namjua kwa jina la Mpima Mvua. Alishawahi kuja dukani mara moja, mrefu, mpole, mwenye koti la manyoya lililoota vishimo, akaomba mkate uliookwa sana. Nilidhani anapenda mkate mgumu, basi.

"Anastaafu," akasema Mama Mdogo. "Alhamisi hii lori linakuja kubeba vyombo vyake. Kaka yake ana nyumba huko mbali, mwisho wa reli. Wiki iliyopita akaniambia, 'Bi Mikate, Alhamisi ukija, uniambie lori likashushe wapi. Usipokuja nitaelewa, na sitakusumbua tena.'"

"Si umpigie simu."

"Simu yake ilidumbukia kwenye pipa la maji ya mvua. Alichofanya kwanza, kaniambia mwenyewe, ni kupima maji yamepanda kiasi gani."

"Na wewe unataka lori likashushe wapi?"

Akajifunika uso kwa kanga. Sauti ikatoka humo ndani, ndogo, kama ya msichana aliyeulizwa mbele ya darasa. "Nataka lishushe kwetu." Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza, na Kisirani akawa anatikisika kando ya barabara hadi mwendesha baiskeli mmoja akasimama kuuliza kama tunahitaji msaada. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilitaka kumwambia yule mwendesha baiskeli.

Baada ya hapo akanisimulia utaratibu wote. Akifika, wanakunywa chai. Wakiwa wanakunywa, giaboksi inapoa. Akitaka kuondoka, gia inagoma. Mpima Mvua anawasha jiko la mkaa, anamimina makaa kwenye sinia la chuma, analisukuma chini ya giaboksi na kukaa macho nalo, na wakati wanangoja oili ilainike, wanakunywa chai ya pili. Ndiyo maana ya mashavu mekundu.

Dukani kwa vipuri Mama Mdogo alitaka kujua ipi inatiririka kweli, si ipi imeandikwa hivyo kwenye kopo. Muuzaji alimwekea makopo matatu juu ya kaunta na kuanza kusifia. Akamkatisha. "Nipe kopo dogo la kila moja. Nikazijaribu." Mwoka mikate hamwamini mtu kwa maneno, hata hamira anayoinunua miaka yote huionjesha maji ya uvuguvugu kwanza, aone kama inatoa povu. Nyumbani akachukua glasi tatu, akamimina oili tofauti katika kila moja, akabandika alama, na akazitia kwenye friza katikati ya majarini na siagi. Akaenda kulala akiimba.

Alfajiri nikaingia jikoni na hasira zangu nikamkuta Mjomba anakula. Alikuwa amekata kipande cha mkate wa jana, amekipaka kitu cha rangi ya kahawia inayong'aa, na anatafuna kwa mashaka. Akatafuna mara mbili. Akaacha.

"Hii asali imeharibika," akasema.

Glasi moja ya kwenye friza ilikuwa mbele yake, na kijiko kimesimama ndani yake chenyewe, bila kushikwa. Mama Mdogo akaja, akaitazama alama, akamtazama kaka yake.

"Ni ile yako, kaka. Tisini tupu. Wewe una meno na ulimi na bado imekushinda. Sasa niambie pete za shaba zifanye nini."

Mjomba akaenda kusukutua. Alisukutua kwa maji, kwa chai, kwa limau, na asubuhi nzima hakutoa ushauri kwa mtu yeyote, jambo ambalo halijawahi kutokea pale bekari. Sisi tukazitoa glasi nyingine mbili tukaziinamisha pamoja. Ile yenye namba ya kwanza themanini ikajikokota kama mtu anayeitwa kazini. Ile ya sabini na tano ikamiminika bila kinyongo, na kopo lake liliandikwa daraja la nne. Mama Mdogo akaibusu glasi kwa nje.

Jumatano mchana, mikate ilipokwisha tanurini, tukaanza. Mama Mdogo alijua hili la kwanza vizuri, maana ni la jikoni: mafuta humwagwa yakiwa na moto, yatoke na uchafu wake. Akamzungusha Kisirani mtaani mpaka akapata joto, tukampandisha jeki mbele na nyuma na kumkalisha kwenye magogo ili akae sawa, na Mama Mdogo akaingia chini akilalia magunia ya unga. Mimi nikamkabidhi spana na trei kuukuu. Nati ya chini ikafunguka. Oili ikatoka nyeusi, polepole, na ndani yake vumbi la shaba likimetameta.

"Ni pete zangu hizo," akasema kwa huzuni kidogo. Akaisafisha nati, akairudisha, akaikaza vizuri. "Haya. Sasa nipishe nifungue ya pembeni tujaze."

Ya pembeni ikakataa.

Akajaribu na spana ndefu. Mjomba akaja akajaribu na nguvu zake zote za kuchochea tanuri, na spana ikateleza ikakwangua pembe za nati hadi ikawa duara kama kitufe. Tukagonga, tukapaka mafuta ya taa, tukangoja, tukagonga tena. Haikusogea hata unywele. Ndipo sote watatu tukaelewa tulichokifanya. Kisirani alikuwa juu ya magogo, tumbo tupu, na mlango wa kumlishia umefungwa.

Nikampigia Fundi Kesho. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmemwaga kabla ya kufungua ya kujazia?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu ila lile la kwetu. Bekarini unatoa ya zamani kwanza, ndipo unaweka mpya. Rafu, trei, debe la unga, kila kitu ni hivyo. Tumefanya hivyo maisha yetu yote na hakuna rafu iliyowahi kutufungia mlango.

"Fundi yeyote anaanza na ya kujazia," akasema. "Ikikataa, humwagi. Mimi leo niko mbali, gari la watu limeharibika njiani. Nitakuja kesho."

Mama Mdogo alikuwa ameketi juu ya gunia. Hakuwa analia, na heri angelia, kwa sababu alichokuwa anafanya ni kukunja kanga yake mapajani, kuikunjua, na kuikunja tena. "Atadhani nimekataa," akasema. "Atapanda kwenye lori na kusema, sawa, kanijibu." Mjomba akasema tukodi gari. Hakuna gari la kukodi linalopanda barabara ile msimu ule, alijua hivyo, alisema tu ili aseme kitu. Nilikasirika. Niliichukia nati ile, nikalichukia pipa la mvua, na zaidi nikamchukia mtu mzima anayeshindwa kutunza simu.

"Hakuna njia nyingine?" nikamuuliza fundi, ambaye nilikuwa nimesahau kwamba bado yuko hewani.

"Ipo ya juu. Ukifungua mkono wa gia pale katikati ya viti, unaona ndani ya giaboksi. Lakini pamebanana, faneli haikai. Oili inahitaji kusukumwa. Unahitaji kitu cha kukamua."

Nikarudia maneno yake kwa sauti. Kitu cha kukamua. Mama Mdogo akaacha kukunja kanga. Akageuza kichwa taratibu kuelekea ukutani, ambako kwenye misumari yake ilining'inia mifuko ya kupambia keki, mikubwa na midogo, na ncha zake za bati zimepangwa kwenye kopo.

"Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi, "kanawe mikono."

Maisha yangu yote sitaona tena kitu kama kile. Fundi alitutajia kipimo, lita mbili na robo, na akatuonya tusizidishe wala tusipunguze, maana bila nati ya pembeni hakuna pa kuchungulia. Kipimo hakikumtisha Mama Mdogo. Anayeoka hukosea mambo mengi lakini si kipimo. Akaipima oili kwenye jagi la maziwa, jicho lake sawa na mstari. Mimi nikafungua bolti za mkono wa gia na kuuchomoa mkono wenyewe pamoja na mpira wake. Mjomba akashika mfuko mkubwa wa kitambaa kizito, ule wa keki za sherehe, na mimi nikamimina ndani yake huku yeye ameibana ncha kwa kidole. Kisha Mama Mdogo akapiga magoti kwenye kiti cha dereva, akaingiza ncha shimoni, akaanza kukamua.

Alikamua kama anayeandika jina juu ya keki, ulimi nje kidogo, bega moja juu. Mfuko ukisinyaa, tunajaza. Mjomba akawa anamwambia "Taratibu, taratibu", na mara hii ushauri wake ulikuwa wa kweli. Tone moja tu lilimwagika, na lilimwangukia Mjomba kwenye kiatu. Jagi lilipokwisha, Mama Mdogo akainua ncha juu na kuizungusha kidogo, ile mizunguko ya kumalizia ua la krimu, kwa mazoea tu. Tukacheka mpaka Mjomba akakaa chini. Ule mfuko tuliutupa, na bado tunausikitikia.

Alhamisi nilikwenda naye. Mjomba akabaki dirishani, maana ningebaki mimi ningekufa kwa umbea. Mama Mdogo alivaa blauzi yake nzuri ndani ya koti la kazi na akasahau unga kwenye nyusi, nami nikaamua kutomwambia. Kisirani alipanda mlima huo kama aliyepewa mguu mpya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikiingia bila kelele. "Umeona mama," Mama Mdogo akamwambia, "kumbe unajua." Shule, zahanati, kiwanda cha mbao. Kadiri tulivyokaribia kituo ndivyo alivyopunguza maneno, na mwisho akawa anaendesha kimya. Nikashikilia mlango.

Lori lilikuwa limeshafika, limeegeshwa mwisho wa uwanja kando ya nyumba, na vyombo vimeshapakiwa: kitanda, makabati mawili, viti vilivyofungwa kamba. Barabara ya kutokea ilikuwa moja na nyembamba, na Mama Mdogo akamwegesha Kisirani katikati yake kabisa. Mpima Mvua akatoka na koti lake la vishimo, akatusalimu kwa adabu, akapokea mkate wake kwa mikono miwili. Alikuwa amebakiza birika na vikombe bila kufungasha.

Tukanywa chai. Mama Mdogo hakuligusa lile la lori. Alizungumzia barabara, alizungumzia baridi, alinitambulisha mara mbili. Mpima Mvua akajibu kila kitu kwa upole na hakuuliza swali lake, kwa kuwa alishauliza, na mtu wa namna ile hasemi jambo mara mbili. Nilimkanyaga Mama Mdogo chini ya meza. Akaniambia nisogeze miguu. Nje jua lilikuwa jeupe bila joto, na Kisirani alikuwa anapoa, anapoa, na muda ulikuwa unakwisha. Mwisho dereva wa lori akapiga honi, akatoa kichwa dirishani.

"Jamani, hilo gari la mikate linipishe. Safari yangu ni ndefu."

Safari ndefu ni mwisho wa reli. Nilimwona Mpima Mvua akiyasikia maneno hayo na kuyakubali. Akainuka, na bila kuambiwa na mtu, kwa mazoea, akaenda kwenye jiko lake, akamimina makaa kwenye sinia la chuma, akaja nalo uwanjani akilishika kwa vitambaa viwili ili aliweke chini ya giaboksi, kama kila Alhamisi.

Mama Mdogo alishaketi nyuma ya usukani. Akawasha injini, akakanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia. Ya kwanza ikaingia. Haikutoa hata mlio.

Mpima Mvua akasimama na sinia lake, makaa yakifuka moshi kwenye baridi. Akautazama ule mkono wa gia.

"Kumbe imepona," akasema.

"Imepona."

"Basi leo huna sababu ya kukaa."

Mama Mdogo akazima injini. Akashuka, akafunga mlango, akasimama mbele yake, nyusi nyeupe kwa unga. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka.

"Nimeitengeneza kwa makusudi," akasema. "Nililala chini ya gari. Nimemlisha kaka yangu oili. Sikutaka nikikaa hapa, wewe udhani ni gia. Nikikaa, nimekaa mwenyewe." Kisha akamgeukia dereva wa lori, na sauti yake ikawa ile ya kuitia wateja asubuhi. "Wewe, zima hilo lori. Vyombo vinakwenda bekari, mjini, nyumba ya nyuma. Meza iache, tunayo kubwa."

Mpima Mvua alibaki ameshika makaa, na ilikuwa wazi hajui ayaweke wapi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, Mama Mdogo akamfuta kwa ncha ya kanga, kama alivyopangusa kile kioo kwa fundi. Nikalipokea sinia nikalirudisha jikoni na kuteleka birika juu ya makaa. Dereva wa lori akazima, akashuka akinung'unika, akapewa kikombe. Tukanywa chai ya pili, na hakuna gia tuliyokuwa tunaingoja.